Jina Moja kwa Bunduki ya Likwembe

Sogeeni, na kila mtu aje na akili yake, maana mwishoni nitawatwisha mzigo.

Marehemu Likwembe aliacha mabinti watatu na bunduki ya kijiji aliyokuwa akiitunza. Dafroza alikuwa na ulimi usiodanganyika. Kalista, mikono isiyoogopa moto. Akwilina, ubishi. Huyo akianza jambo, mwambie aache uone.

Asubuhi moja viboko waliingia kwenye mpunga. Mabinti wakafyatua kwa zamu, risasi mojamoja hewani, viboko wakarudi mtoni. Mwenyekiti akaja mbio.

“Kesho anapita afisa wa silaha. Akiona kutu anaichukua, tubaki kulinda mpunga kwa kupiga madebe. Nipeni niipake mafuta, hii si kazi ya wanawake.”

“Haitoki hapa,” akasema Akwilina.

Dafroza akapitisha kidole mdomoni mwa mtutu, akaonja, akatema. “Risasi hizi za zamani zinaacha chumvi. Mafuta yataifunika tu, kutu iendelee kula chuma kwa chini. Maji ya moto kwanza.”

Kalista akachemsha sufuria nzima. Akaushika mtutu hivyohivyo unavyounguza, akamimina mpaka maji yakatoka safi. Viganja vilitoka malengelenge, naye hakuuachia.

Akwilina akasukuma vitambaa ndani ya mtutu kwa ufito. Cha kumi kikatoka cheusi, cha ishirini kijivu. Dada zake wakasema yatosha. Akachana kanga yake mpya, akaendelea. Kilipotoka cheupe, ndipo akapaka mafuta.

Kesho yake afisa akauelekeza mtutu kwenye mwanga, akachungulia. Ulimeremeta. Akafungua daftari.

“Bunduki inabaki. Ila mtunzaji ni mmoja, na mtunzaji hukaa kwenye baraza la kijiji. Niandike nani?”

Mwenyekiti akakohoa, akataja jina lake.

“Wewe ungeikaangia kutu kwa mafuta yako, Mwenyekiti,” akasema Kalista. Nampenda kwa jibu hilo mpaka leo.

Baraza lile halijawahi kukaliwa na mwanamke. Sasa litakaliwa, wapende wasipende.

“Bila mimi mngepaka mafuta juu ya chumvi,” akasema Dafroza.

“Bila mimi chumvi ingekuwemo bado,” akasema Kalista.

“Na bila mimi yale maji yenu yangeleta kutu,” akasema Akwilina.

Wote watatu wameishika bunduki, hakuna anayelegeza. Afisa ana kalamu mkononi na mstari mmoja mtupu. Je, wewe ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?