Nafasi Moja ya Loji ya Ufunguo

Hapo zamani, wala si zamani za babu zenu, ni zamani hizi ambapo magoti yangu yalikuwa bado yanapanda mlima, palikuwa na mji wa chai ukiitwa Ngambulo, na katika mji huo palikuwa na Loji ya Ufunguo. Loji ni chama cha wanaume wanaoitana ndugu bila kuzaliwa tumbo moja. Kila Alhamisi walivaa aproni za bluu, wakafunga mlango, wakafanya mambo yao. Mjini watu walisema wanafuga joka humo ndani. Mimi niliwapikia chai barazani, nje ya mlango huo, miaka kumi na minne, na joka sikuliona. Nililoliona ni wazee wanaopenda sana maandazi.

Mara moja kwa mwaka wazee hao walifanya mashindano ya gofu ya hisani. Watu walialikwa, watu walichanga, na mchango ukamsomesha mwanafunzi mmoja wa chuo mpaka amalize. Mmoja tu. Na wewe unayefungua mdomo kutaka kuniambia wangegawana, funga. Chuo hakisajili theluthi ya mtu.

Mwaka ninaowasimulia, kamati ilichuja majina mpaka yakabaki matatu, ikashindwa kuendelea. Palikuwa na Subilaga, binti wa uuguzi. Palikuwa na Lwitiko, kijana wa ufundi wa umeme. Palikuwa na Ambakisye, kijana wa upimaji ardhi. Wote watatu walifaulu, wote watatu kwao hakuna kitu, na wote watatu walikuwa wamepewa barua moja na chuo: Ijumaa saa kumi jioni usajili unafungwa, asiye na mfadhili arudi nyumbani.

Mashindano yalikuwa Ijumaa hiyohiyo.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana tatizo lote limo humo. Majina yakilingana, kila mwanafunzi hupewa mzee wa kumchezea. Hupigwa kura, unayemwangukia ndiye wako. Mzee anapiga, kijana anaandika. Mzee haruhusiwi kugusa kalamu, na kijana haruhusiwi kugusa fimbo. Mashimo tisa, na kadi yenye mapigo machache ndiyo inayoshinda. Hakuna anayejua hesabu ya mwenzake mpaka kadi zisomwe barazani.

Na Loji ilikuwa na sheria zake kali kuliko za gofu ya kawaida. Mpira ukipotea, unatafutwa dakika tatu. Usipoonekana, kadi inachanwa. Mpira ukiguswa kwa mguu, unaongezewa mapigo matatu. Ndivyo walivyozikuta, nao hawakuzibadilisha.

Kura zikapigwa. Subilaga akamwangukia Ndugu Mwasaka, mwanasheria, mchezaji bora kuliko wote. Ambakisye akamwangukia Ndugu Sanga, wa wastani, mtu wa kelele. Lwitiko akamwangukia Ndugu Kihwele, mwenye duka la dawa, goti bovu, macho mabovu. Watu wakamwonea Lwitiko huruma waziwazi.

"Kijana, umepanda gari bovu," Kihwele akamwambia.

"Shikamoo mzee. Wewe piga nitakapokuonyesha."

Mama yake Lwitiko alikuwa mkata nyasi wa uwanja ule, na likizo zote Lwitiko alisukuma mashine ya kukatia nyasi badala yake. Shimo la kwanza Kihwele akalenga bendera. Lwitiko akamgeuza bega. "Usilenge bendera, mzee. Lenga ule mchai mrefu. Nyasi hizi zinalalia mtoni, mpira utarudi wenyewe." Mzee akapiga, mpira ukaenda kusikoeleweka, ukageuka, ukarudi shimoni. Shimo la pili vivyo hivyo. Shimo la tatu vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nyuma yao na chupa zangu za chai, na nawaambia, niliacha kumhurumia.

Shimo la tano mpira wa Mwasaka uliingia miti ya mikaratusi, ukakaa nyuma ya mzizi. Mzee na binti wakaingia peke yao. Yaliyotokea humo sikuyaona. Niliyasikia baadaye, binti mwenyewe akiyasema mbele ya watu. Mwasaka aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akausukuma mpira kwa ncha ya kiatu.

"Binti, hukuona kitu."

"Nimeona, baba."

"Basi umeona mtu anayekutakia mema. Ukirudi nyumbani leo, wadogo zako watakula vyeti vyako? Andika nne."

Ilitakiwa saba. Kalamu ilikuwa yake, mkono ulikuwa wake. Akaandika nne.

Alipotoka mitini nilimmiminia chai, kikombe kikagonga sahani mpaka chai ikamwagika. Nikadhani ni baridi. Nilimpa na kitenge changu ajifunike, mjinga mimi.

Shimo la saba lina bonde pembeni, tope chini na miiba juu. Mpira wa Kihwele ukatumbukia humo. Mkuu wa Loji, aliyekuwa akizunguka nao, akatoa saa mfukoni. "Dakika tatu zimeanza."

Lwitiko akaingia upande wa kushoto, anapangua majani kama mwendawazimu. Kihwele na goti lake akabaki juu anaomba Mungu. Na yule Ambakisye akavua viatu, akaingia upande wa kulia.

"Dakika moja," Mkuu akasema.

"Ambakisye, toka humo!" Ndugu Sanga akapiga kelele. "Huo si mpira wetu! Ukipotea ni heri yako!"

"Mzee, muda unakwenda," Ambakisye akajibu, akatambaa ndani zaidi.

"Dakika mbili."

Subilaga alikuwa amesimama ukingoni, kadi kaibana kifuani, anamtazama Ambakisye anavyochanika mikono kwa ajili ya mpira wa mtu mwingine. Lwitiko sasa alikuwa analia, nasema kweli, mwanamume mzima analia huku anatafuta. Mkuu akainua mkono ili autangaze mpira kuwa umepotea.

"Upo! Upo hapa!"

Ambakisye alikuwa ameinama juu ya tope, kidole kikionyesha. Shati halikuwa shati tena. Mwiba ulikuwa umemwingia kiganjani, na kwa mkono huohuo aliandika kadi mashimo mawili yaliyobaki, kwa shida, tarakimu zimepinda.

Kwa hiyo kadi ya Lwitiko haikuchanwa. Wakacheza, wakamaliza. Saa tisa na dakika kumi tukawa barazani. Fomu ya chuo ilikuwa mezani, ina mstari mmoja wa jina, na karani wa Loji alikuwa ameshika simu tayari kulisoma kwa ofisi ya usajili. Maandazi yangu hayakuguswa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mkuu akasoma. "Ndugu Sanga, kadi ya Ambakisye, arobaini na tano." Akasoma tena. "Ndugu Kihwele, kadi ya Lwitiko, arobaini na nne." Watu wakaguna kwa mshangao. Akasoma ya mwisho. "Ndugu Mwasaka, kadi ya Subilaga, arobaini na tatu."

Makofi yakapigwa. Mwasaka akainuka kumpa binti mkono. Binti hakuupokea.

"Mkuu," akasema, "kadi yangu ni ya uongo."

Makofi yakafa. Akaeleza yote: mzizi, kiatu, nne iliyotakiwa kuwa saba. Hakumtazama Mwasaka. Mwasaka alikaa chini, akafunika uso kwa kofia yake. Nikamwonea uchungu, na nikamkasirikia vilevile.

Arobaini na tatu ikawa arobaini na sita. Sasa wa kwanza ni Lwitiko, wa pili ni Ambakisye, wa mwisho ni Subilaga. Mngedhani yameisha. Hayakuisha, kwa sababu Loji ilikuwa na sheria nyingine ambayo hakuna mzee aliyewahi kuiona ikitumika: ikisomwa kadi ya uongo barazani, kadi zote zinanyamaza, na Mkuu anamchagua anayestahili kwa dhamiri yake.

Saa tisa na nusu. Mkuu alikuwa na jasho. "Semeni wenyewe," akawaambia, "na semeni haraka."

Lwitiko akasema: "Mkuu, mlinipa mchezaji ambaye kila mtu alimcheka. Sikulalamika. Nilimwongoza shimo kwa shimo kwa akili yangu, na jasho nililolimwaga kwenye nyasi zenu miaka sita ndilo lililonifundisha. Sikudanganya. Kadi yangu ni safi, na ndiyo ndogo. Kama kazi haina malipo hapa, mlituitia nini?"

"Na mpira wako aliuona nani?" Sanga akamdakia.

Lwitiko akatazama chini. "Aliuona Ambakisye."

Ambakisye akasema: "Mkuu, ningekaa ukingoni kama walivyokaa wengine, kadi ya Lwitiko ingechanwa. Leo mimi ningekuwa wa kwanza, baada ya Subilaga kusema kweli. Nafasi yangu niliitoa topeni kwa mkono wangu nikampa mwenzangu. Mkononi mwiba bado umo."

"Lakini kijana," Kihwele akamwambia taratibu, "wakati ule hesabu ulikuwa huijui. Ungeijua, ungeingia bondeni?"

Ambakisye akafikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kule. "Sijui, mzee," akasema.

Subilaga akasema: "Mimi, Mkuu, nilikuwa nimeshashinda. Nilipigiwa makofi. Hakuna aliyeona, hakuna ambaye angejua. Wenzangu walipoteza walichokuwa hawana uhakika nacho. Mimi niliacha kilichokuwa tayari mkononi. Na nimemvunjia heshima mzee aliyenitendea kama baba. Sikusema ili nisifiwe. Lakini msidhani siitaki nafasi hii. Naitaka. Kesho sina pa kwenda."

"Ulinyamaza tangu shimo la tano," Mkuu akamwambia. "Uliandika uongo kwa mkono wako."

"Niliandika," akasema. "Nilipomwona Ambakisye miibani ndipo nilipoona siwezi kuubeba mpaka mwisho."

Basi hapo baraza likapasuka. Wengine wakasema apewe Lwitiko, sheria ni sheria na kazi ni kazi. Wengine wakasema apewe Ambakisye, bila yeye Lwitiko hana kadi wala Subilaga hana ukweli. Wengine wakasema apewe Subilaga, muuguzi anayejishtaki mwenyewe ndiye tutakayemkabidhi wagonjwa wetu. Ndugu kwa ndugu wakaonyeshana vidole, undugu wa aproni wakausahau.

Saa kumi kasoro dakika tano. Karani akapiga simu, upande wa pili ukapokelewa. "Wanasema wanafunga, Mkuu. Wanataka jina."

Mkuu akashika kalamu. Badala ya kuandika, akanigeukia mimi, mpika chai, mwanamke asiyewahi hata kuruhusiwa kuvuka mlango wao. "Mama," akasema, "wewe ulitembea nao siku nzima. Niandike nani?"

Wale vijana watatu wakanitazama. Mimi jibu nililompa ninalo, na tangu siku ile sijawahi kulala nikiwa na hakika nalo. Siwaambii. Simu iko hewani, mstari ni mmoja, dakika ni tano. Nyie mliokaa hapa na matumbo yaliyoshiba, semeni: mngemwandika nani, na wale wawili wengine mngewaambia nini?