Sufuria Moja, Miiko Minne

Watu wa pwani husema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Maana yake haina fumbo. Kazi moja ikishikwa na mabwana wengi, kila mmoja akaamuru upande wake, kazi hiyo huharibika, na anayezama ni yule aliyekuwa ndani. Wapo wanaodhani kwamba methali hii ni ya mabaharia peke yao. Wanajidanganya! Ushahidi wake mchungu kuliko wote haukutokea baharini. Ulitokea Singida Mjini, safari ya siku nzima kutoka pwani, jikoni kwa mjane mmoja ambaye majirani walimwita Mama Joyce.

Mama Joyce alikuwa na watoto wawili, Joyce na mdogo wake Petro. Joyce alikuwa fundi cherehani. Kazi hiyo alijifunzia Tanga, na huko alipanga chumba kwa familia iliyompenda kama mtoto wao. Huko huko akajuana na Christopher, kijana mpole mwenye maneno machache, ambaye baadaye alihamishiwa Singida kufundisha. Wakakubaliana kuoana. Mama Joyce alifurahi mno. Aliwatayarishia vyumba viwili vya uani, akavipiga chokaa na kuvitia madirisha mapya, ili binti yake akiolewa asimwache peke yake.

Lilibaki jambo moja tu. Christopher alikuwa yatima, na aliyemlea ni mama yake mdogo, Mama Cecilia wa Pangani. Bila neno la mama huyo, posa isingeletwa. Basi Mama Cecilia akapanda basi kuja kuiona nyumba ambayo mwanawe angeingia. Alishuka stendi akiwa na boksi lililojaa barafu, na ndani ya barafu mlikuwa na kamba wa baharini, wanene kama vidole gumba.

"Shikamoo, mama," Joyce alisema huku akipiga goti na kupokea boksi.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa umekaa kwetu na unawajua hawa. Basi kesho mchana nitakula mkono wako. Wako wewe. Usihangaike na kingine."

Joyce alitabasamu. Kamba aliwajua kama alivyojua sindano na uzi. Unawamenya, unatoa ule uzi mweusi wa mgongoni, unawakausha. Mafuta yakipata moto, unatia kitunguu saumu, halafu kamba. Wakibadilika rangi na kujikunja, unakamulia ndimu, unaepua. Ukimaliza kusimulia namna ya kuwapika, wameshaiva. Kwa hiyo usiku ule alilala usingizi mzuri kama mtoto aliyeshiba. Masikini! Hakujua kwamba manahodha walikuwa wameshaamka.

Wa kwanza kufika jikoni asubuhi alikuwa Shangazi Magreth, dada wa marehemu baba yake, aliyekuja kutoka Mungaa kusimama badala ya kaka yake. Alifunua boksi, akaruka nyuma.

"Mungu wangu! Hiki nacho ni chakula? Kina masharubu kuliko marehemu babu yako!"

"Ni kamba, shangazi. Nitawamenya, hutaviona vichwa."

"Na shombo hii? Mgeni anakuja nyumbani kwa kaka yangu, badala ya kuchinjiwa kuku anapikiwa wadudu alioleta mwenyewe! Watu watasema Wanyaturu hatuna mabanda ya kuku."

"Mwenyewe ndiye aliyetaka, shangazi."

"Mgeni hasemi anachotaka, anasema cha adabu. Lete hapa!"

Kabla Joyce hajafuta mikono, shangazi alikuwa ameshamimina kamba wote kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, akiwasugua kama mtu anayesafisha utumbo wa mbuzi. Joyce aliona nyama yao ikianza kuwa nyeupe. Lakini afanye nini? Binti aliyelelewa vizuri hamwambii dada wa baba yake "toka jikoni." Aliuma midomo, akawatoa kamba haraka, akawamenya na kuwakausha kwa kitambaa safi. Alijipa moyo kwamba bado wangeokoka.

Mchana ulipokaribia, Mama Cecilia na Christopher walikuwa sebuleni wakinywa chai. Ukuta kati ya sebule na jiko ulikuwa wa tofali moja, na mlango wake ulikuwa pazia tu. Joyce aliwasha jiko la gesi, akamimina mafuta ya alizeti kwenye sufuria pana, akatia kitunguu saumu. Harufu ikapanda. Akatia kamba. Wakaanza kuona haya, rangi yao ikawa ya waridi.

"Basi, wameiva," alijisemea.

"Wameiva nini?" Mama yake alikuwa ameshasimama mlangoni. "Hata sufuria yenyewe haijapata joto!"

"Mama, hawa hawataki muda. Ukiwazidishia moto wanakuwa wagumu."

"Usinifundishe kupika, Joyce. Kuku wetu, anayekula mtama mbele ya macho yetu, tunamwacha motoni mpaka rozari iishe ndipo anatafunika. Itakuwa hawa ambao hatujui hata wanakula nini huko chini ya maji? Mgeni akiumwa tumbo, nitamweleza nini Christopher?"

"Mama, nakuomba..."

"Mwombe Mungu!" Na bila kusubiri jibu, Mama Joyce alimwaga jagi zima la maji ndani ya sufuria, akafunika, akaongeza moto. Alifanya vile kwa mapenzi, tena mapenzi matupu. Wala msinielewe vibaya: waharibifu wakubwa wa duniani si adui zetu, ni hawa wanaotupenda na hawatuulizi.

Maji yakatokota. Joyce alisimama pale kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua huku wenye ndoo wakibishana. Kila aliponyoosha mkono kuepua, mama yake aliupiga kwa mwiko.

Ndipo Petro akaingia na simu mkononi. Alikuwa dereva wa bodaboda, na maishani mwake hakuwahi kupika hata uji.

"Dada, mbona unawachemsha? Huyu jamaa hapa anasema siri ni viungo. Cheki, huyu mpishi ni mkali, anafuatwa na watu kibao!"

"Petro, rudi kwenye pikipiki yako."

"Kwani nakula wapi mimi? Si hapa hapa?" Akafungua kopo la bizari, akatia vijiko. Akatazama simu, akatia pilipili. Akatazama tena, akasema, "Aa, kumbe hii ni ya samaki. Lakini si wote wa majini?"

"Mama, unamwona Petro?"

"Mwache mwenzio asaidie, nawe usiwe na kiburi," mama alijibu huku akichota kamba mmoja kuonja. Alitafuna. Akatafuna tena. Akahamishia shavu la pili. "Si nilikwambia? Bado wagumu. Ongeza maji!"

"Wamekuwa wagumu kwa sababu ya maji, mama!" Sauti ya Joyce ilipasuka, machozi yakimlengalenga. "Niachieni! Niachieni sufuria hii moja tu! Mkono uliosubiriwa sebuleni ni wangu!"

"Shh! Mgeni atasikia," alisema Shangazi Magreth, kwa sauti ambayo hata jirani wa tatu aliisikia. Kisha akamsogeza kando. "Tatizo la ugumu dawa yake tunayo tangu enzi za mababu. Makande yanalainika, maharage yanalainika, itakuwa vijidudu?" Akatoa kwenye fundo la khanga kipande cha magadi, akakisaga kiganjani, akakitia sufuriani na kufunika.

Joyce hakumwona. Alikuwa amegeuka mezani, akikata ndimu kwa hasira, kwa kuwa ndilo jambo pekee alilobakiwa nalo. Alikamua ndimu zote kwenye kikombe, akafunua sufuria na kuzimwaga ndani, wakati ule ule magadi ya shangazi yalipokuwa yamekwisha kuyeyuka.

Lo! Mchuzi ulipumua kama mnyama. Povu la manjano likapanda, likafurika, likamwagika pande zote za jiko, likauzima moto kwa kishindo cha mvuke. Petro aliruka na simu yake. Mama Joyce akapiga ishara ya msalaba. Shangazi Magreth akajibanza ukutani, akanong'ona, "Nilisema hawa si chakula."

"Nani katia nini humu?" Joyce aliuliza. Wote watatu, waliokuwa na amri nyingi tangu asubuhi, ghafla walikuwa bubu kama mawe ya Ziwa Kindai.

Chakula kiliingia mezani kwa kuchelewa. Wali ulikuwa mzuri, kwa sababu hakuna aliyeujali. Kamba walikuwa wamelala kwenye bakuli ndani ya mchuzi wa rangi ya tope. Mama Cecilia alisali, akajipakulia, akatia kamba mmoja kinywani. Nje aliteleza kama mlenda, ndani alikuwa mgumu kama kandambili. Mama wa watu alitafuna kwa heshima. Alitafuna mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mwishowe akameza kwa maji, akaweka kijiko.

"Nani amepika?" aliuliza taratibu.

"Joyce!" alijibu Shangazi Magreth, upesi kama mtu anayetema kaa la moto.

"Ndiyo, ni Joyce," mama akaongeza, akitazama meza.

Petro naye alikuwa ametekwa ghafla na simu.

Joyce aliinua uso. Angeweza kuwataja wote, mmoja mmoja. Badala yake akasema, "Ni mimi, mama. Uliomba mkono wangu, nikashindwa kuulinda. Nisamehe."

Mama Cecilia alisogeza sahani yake kando. Kisha akamgeukia Mama Joyce.

"Dada yangu, pazia si ukuta. Nimekaa hapa tangu asubuhi, nimesikia kila kitu. Nimesikia aliyeosha, aliyemwaga maji, aliyetia bizari. Povu nalo nimelisikia. Mtoto huyu nimemsikia akiomba kitu kimoja tu, na hakuna aliyempa."

"Tulitaka kukupa heshima, dada," Mama Joyce alisema.

"Najua. Wala sina kinyongo. Kamba watavuliwa wengine. Ila niambie, nyumba isiyoweza kumwachia mtu sufuria moja, itamwachia ndoa?"

Christopher aliinamisha kichwa. Shangazi Magreth akaanza kukusanya sahani ambazo hazijamalizwa.

"Msichana nimempenda," Mama Cecilia aliendelea. "Mtu anayebeba lawama isiyo yake bila kutukana atamtunza mwanangu. Lakini posa sileti sasa. Christopher, tafuta nyumba ya kupanga, Manyoni au popote kazi itakapokupeleka, lakini si uani hapa. Siku utakayoniambia umepata mlango wenu wenyewe, nitapanda basi tena. Kabla ya hapo, hapana."

Mama Joyce alijifunika uso kwa khanga. Vile vyumba viwili vya chokaa mpya, alivyovitazama kila jioni akiwapangia wajukuu mahali pa kulala, vilikuwa vimebaki vitupu kabla ya kukaliwa. Na harusi, ambayo Joyce alikuwa ameshaanza kuishonea gauni, ilikuwa imesogea mpaka siku isiyojulikana, kwa sababu tu watu watatu walishindwa kukaa kwenye viti vyao kwa muda wa kukaangia kamba.

Asubuhi ya pili, mgeni alipoondoka, Joyce aliingia jikoni peke yake kusugua jiko. Povu lilikuwa limekauka na kushika kama saruji. Mama yake alikuja, akasimama mlangoni, akafungua kinywa ili amwambie atumie majivu. Joyce hakugeuka. Aliendelea kusugua tu, mabega yakipanda na kushuka. Mama Joyce akafunga kinywa, akarudi uani, akakaa kizingitini mwa chumba kimojawapo kisicho na mtu. Sasa ndipo alipoelewa, wakati kuelewa hakumsaidii tena: manahodha wengi, chombo huenda mrama.