Tawi Lenye Kitambaa Chekundu

Kilicho uvunguni hakikimbiwi. Naona mnatazamana. Asubuhi mmenisikia nikimwambia Sudi maneno hayo, akanuna, nanyi mmekuja kuniuliza nimeyatoa wapi, maana shuleni mmefundishwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hiyo ni nyingine. Yule alikuwa anakitafuta kitu, huyu wetu alikuwa anakikimbia. Kaeni. Na wewe Sudi sogea huku, usijifanye husikii. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na kijana wa Kinyamwezi aitwaye Mrisho, seremala, mwenye kigari chakavu cha kubebea mbao na watu. Siku hiyo, kiangazi kimekolea, alikuwa anamtoa mkewe Mwavita hospitali pamoja na mtoto wao wa kwanza, kichanga ambacho hata kitovu hakijadondoka. Kiti cha nyuma, ubavuni mwa Mwavita, alikaa mama mkwe wake, Bi Nyanjige. Sasa ninyi wa leo hamyajui haya: enzi hizo mtu hasemezani na mama mkwe wake ana kwa ana. Mama mkwe akiwa na neno, humpitishia binti: "Mwambie mwenzio hivi na hivi." Na kulitaja jina la mkwe? Thubutu!

Njia ilipita katikati ya pori la Mkanamba. Pori hilo lilikuwa na sifa mbaya, watu walitekwa humo mchana kweupe. Na mnajua desturi ya madereva: gari likiharibika, hukata matawi na kuyatandaza barabarani ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo. Lakini wanyang'anyi nao waliijua desturi hiyo. Basi Mrisho alipokata kona, vumbi la lori lililomtangulia likiwa bado limetanda, akaona matawi mbele yake na gari lililoharibika halipo. Roho ikamruka. Hakupiga breki. Alikanyaga mafuta, akayapanda matawi yale, na papo hapo jicho lake likanasa wekundu wa nguo ukiingia chini ya gari. Gari likaruka, *puu!* Kisha pakaanza sauti chini ya miguu yake: *kwaru, kwaru, kwaru.*

"Mungu wangu, nimeua," alisema moyoni.

Alitazama kioo. Nyuma palikuwa na vumbi tu. Akaongeza mwendo. Alipoongeza, na ile sauti ikaongeza. Akapunguza kidogo, nayo ikapunguza, kama mtu anayejikokota na kucha zake. Jasho lilimtoka mpaka usukani ukateleza. Alimwona kichwani mwake mtu huyo mwenye nguo nyekundu, labda mchungaji, labda mwanamke aliyetoka kuokota kuni, amenasa huko chini. Akamwona na mama yake huyo mtu. Mwaka uliopita dereva mmoja aliyemgonga mtoto alipigwa mawe na wanakijiji mpaka akafa, na Mrisho alikuwepo mazikoni.

"Mwambie mwenzio kuna kitu kinakwaruza huko chini," alisema Bi Nyanjige.

"Baba, mama anasema..." alianza Mwavita.

"Nimesikia. Ni mawe tu."

Hayakuwa mawe, naye alijua. Alikwishapanga kwamba akifika kwenye mto uliokuwa mbele atawashusha chini ya kivuli, asogeze gari mbele peke yake, akitoe hicho kilichopo, akitupe vichakani, anawe mikono, arudi kuwachukua. Oneni hofu inavyomfanya mtu! Kijana aliyekuwa hawezi kuchinja kuku, sasa anatafuta pa kutupa maiti, na mwanawe amelala nyuma yake.

*Kwaru, kwaru, kwaru.*

Mara Mwavita akanusa. "Kuna kitu kinaungua." Mtoto akapiga chafya, akaanza kukohoa kikohozi kidogo kikavu. Moshi mwembamba ulikuwa unapenya kwenye sakafu. Na Mrisho, masikini, bado anakanyaga mafuta! Mto haukuwa mbali.

"Mrisho!"

Bi Nyanjige alikuwa amelitaja jina la mkwe wake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Simamisha gari."

"Mama, siwezi. Nimemgonga mtu. Yuko huko chini."

"Kama yuko, yuko. Utakimbia naye mpaka wapi, na wewe ndiye unayembeba? Kilicho uvunguni hakikimbiwi, baba. Simamisha tumwone."

Akasimamisha. Mwavita alishuka na mtoto, akakimbilia mbali kando ya barabara. Mrisho alishuka, akabaki ameshika mlango, macho ameyafumba. Bi Nyanjige alijifunga kanga kiunoni, akapiga magoti vumbini, akamvuta shati. "Inama na mimi."

Wakainama wote wawili, mashavu karibu yaguse ardhi.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na tawi kavu limejibana juu ya ekzosi, lile bomba la moshi lenye joto, na kwenye tawi hilo kitambaa chekundu. Kumbe lile lori lililotangulia ndilo lililoharibika pale konani; mwenyewe alikifunga ili tawi lionekane kwa mbali, na lilipopona akaondoka bila kuyatoa matawi. Kilikuwa tambara la kufutia mafuta machafu ya gari, limelowa mafuta hayo, na sasa lilikuwa linawaka. Ndimi za moto zilikuwa zinalamba tangi la petroli, rangi ya tangi imeanza kututumka.

"Mchanga!" alipiga kelele Bi Nyanjige. Walichota kwa mikono, wakarusha, wakarusha tena. Mrisho aliingia uvunguni kwa kifua, akalishika tawi likiwa na moto wake, akalivuta mpaka likatoka, na ngozi ya viganja ikabaki huko.

Kisha akakaa katikati ya barabara, akalia kwa sauti mbele ya mama mkwe wake, bila aibu. Alikuwa anamtazama Mwavita kule mbali, amekumbatia kile kifurushi kidogo. Maiti aliyokuwa anaikimbia haikuwepo, na kwa kuikimbia ilibaki kidogo tu ziwepo nne, na yake ikiwamo.

Bi Nyanjige alijikung'uta vumbi, akatazama pembeni.

"Mwavita," aliita, "mwambie mwenzio afute machozi, mtoto anapigwa na jua."

Mrisho hakutulia mpaka alipogeuza gari na kurudi kwenye ile kona. Hapakuwa na mtu, palikuwa na matawi, mawe mawili na doa la mafuta. Aliyatoa matawi na mawe yote barabarani kwa viganja vyake vilivyoungua. Na kila aliyemuuliza habari za makovu yale, alimweleza yote, hata ile ya kutaka kutupa maiti vichakani, ndipo maneno ya mkwewe yakaenea.

Haya, Sudi. Baiskeli ya watu umeivunja tangu juzi, na kila ukimwona mwenyewe unapita uchochoroni. Inuka uende kwake sasa hivi. Kilicho uvunguni hakikimbiwi.