Kompyuta Iliyong'aa Ikanyamaza

Mtu mmoja hakuwa na macho, lakini alikuwa na kompyuta iliyomsomea. Jina lake Gaudensi Ndunguru, mwalimu katika shule moja huko Mbinga, kwenye milima ya kahawa. Darasa lake la saba lilikuwa na watoto tisa wasioona kama yeye. Kila walichokisoma kilipita kwanza mikononi mwake: kompyuta ilimtamkia maandishi, yeye akayapanga, na printa ikayatoboa kwenye karatasi ngumu kwa nukta nundu, zile zinazosomwa kwa ncha za vidole. Kompyuta hiyo ilitumia Linux, mfumo unaotolewa bure, na ndani yake mlikuwa na programu iliyotamka kila herufi aliyoibonyeza. Mwalimu hakujua kioo cha kompyuta yake kinafananaje. Aliijua kwa sauti tu.

Mwezi wa saba kompyuta ikaanza kuchoka. Akibonyeza herufi, sauti ilichelewa. Siku nyingine ilikwama katikati ya sentensi, akabaki ameinamisha kichwa, akisubiri neno linalofuata. Mtihani wa taifa ulikuwa Septemba. Masomo matatu yalikuwa bado hayajachapwa: hisabati, sayansi, na maarifa ya jamii pamoja na ramani zake, ambazo watoto huzisoma kwa kupapasa mistari iliyoinuliwa.

Hofu ikamwingia Mwalimu. Akila, hakujua anakula nini. Akiwa darasani, sikio lake lilikuwa ofisini. "Ikifa," alimwambia mkewe Edeltruda, "wale watoto wataingia kwenye mtihani mikono mitupu."

Akampigia simu Rainold Komba, fundi aliyemwekea Linux ile miaka ya nyuma, ambaye sasa anaishi Makambako. Rainold hakukimbilia kujibu. Alimtaka kwanza aiulize kompyuta yenyewe inaumwa wapi, akamtajia amri mbili za kuandika. Mwalimu akaandika, akasikiliza majibu yakitamkwa polepole, namba baada ya namba, naye akayarudia kwa fundi kwenye simu. Kisha fundi akasema prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ni nzima, na ubao mkuu, ule ambao vipande vyote huchomekwa juu yake, nao ni mzima. Kumbukumbu ndiyo iliyojaa, na diski ilikuwa ya zamani, ile inayozunguka.

"Ongeza kipande kimoja cha kumbukumbu, Mwalimu, na uweke diski mpya isiyozunguka. Basi. Ukishawishika kubadili ubao mkuu, uliza kwanza kama Linux yako inaitambua sauti yake. Ukijibiwa 'sijui', uache."

Ushauri ule ulikuwa mdogo kuliko hofu yake, na hilo ndilo lililomponza. Mtu aliyeogopa sana akipewa dawa ndogo hudhani mganga hakuuelewa ugonjwa. Mwalimu alijiambia: vipande viwili tu? Na kile nisichokibadilisha kikifa wiki ya mtihani, nitamwambia nani? Fedha ya shule alikuwa nayo mkononi, na ruhusa ya mwalimu mkuu alikuwa nayo.

Basi yeye na Edeltruda wakaibeba kompyuta hadi Songea, kwenye duka la vifaa. Muuzaji alikuwa mtu mwema, na nawaomba ndugu zangu mlishike hilo, kwa sababu huyu muuzaji hakumdanganya. Kila alichoulizwa alikijibu kwa haki. Mwalimu aliuliza: ubao huu una nguvu? Akajibiwa una nguvu. Ni mpya? Umefika wiki hii. Prosesa yake ina kasi kuliko yangu? Mara nne. Watu wengine huongeza nini? Wengi huongeza kadi ya picha, Mzee wangu, kioo kinang'aa kama dirisha. Mwalimu alipapasa kasha la ile kadi, akalikuta zito, na uzito wake ukamtuliza. Akaichukua pamoja na ubao na prosesa yake, na vile vipande viwili vya Rainold. Hivyo ndivyo mtu asiyeona alivyonunua kadi ya picha: si kwa kuihitaji, bali kwa kuogopa kukosa walichonacho wengine.

Swali la Rainold lilikuwa mdomoni mwake. Lakini wateja wengine walikuwa wamesimama nyuma yake, na aliona haya kuonekana mtu wa kubabaika. Edeltruda ndiye aliyemshika mkono, wakati fundi wa duka amekwisha kuanza kufungua skrubu.

"Baba Imelda, swali la Rainold umeliuliza?"

Naye akamjibu, "Kitu kipya namna hii kitakosaje sauti?"

Ubao wa zamani ukatolewa na kubaki dukani. Kompyuta ikawashwa, kioo cha duka kikawaka, watu wakasifu. Spika zilikuwa zimeachwa Mbinga.

Jumatatu asubuhi walimu wenzake walikusanyika ofisini kuiona. Mwalimu Gaudensi akaunganisha spika kwa mikono yake mwenyewe, akabonyeza, akaketi. Akasikia feni ikizunguka. Akasikia wenzake wakivuta pumzi na mmoja akipiga makofi. Wakamwambia inawaka vizuri, wakamwambia rangi zake hawajapata kuziona. Yeye aliweka vidole kwenye herufi, akabonyeza moja. Akabonyeza nyingine. Akabonyeza ya tatu kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango.

"Mbona haisemi?" akauliza.

Ofisi nzima ilikuwa inaona mwanga, na mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba kumeingia giza.

Wakabadilisha spika. Wakazima, wakawasha. Mwalimu akampigia muuzaji wa Songea, na muuzaji akasikitika kweli, lakini ubao wa zamani ulikuwa umekwenda kwa mteja mwingine siku ileile. Njia ya kurudi ilikuwa imefungwa.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana hapa kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Hakumpigia Rainold. Siku moja ikapita, siku tatu, siku tisa. Kumpigia kungekuwa kukiri kwamba aliambiwa neno dogo akalipuuza, na haya ilimzuia. Badala yake Edeltruda, akitoka kuchuma kahawa na vidole vimekakamaa, alikaa kando yake saa za alasiri akimsomea yaliyo kwenye kioo, neno kwa neno, naye akiandika. Alama za hisabati hakuzijua. Alimwambia, "Hapa kuna kimstari, halafu kama ndoana," naye Mwalimu akakisia. Akikosea, karatasi nzima ilirudiwa. Watoto walikuja mlangoni kila siku kuuliza kama kitabu kimetoka, naye aliwatambua kwa hatua zao kabla hawajabisha. Alipungua mwili. Shati lilimning'inia.

Siku ya kumi na moja Edeltruda alichukua simu bila kumwomba ruhusa. "Shemeji Rainold," akasema, "ndugu yako alikosea, na haya inammaliza. Tusaidie." Kisha akamsomea fundi maneno yaliyokuwa kwenye kioo.

Rainold hakulaumu. Alisema ubao ule haukuwa mbovu. Ulikuwa mpya mno, na Linux ya Mwalimu ilikuwa haijafundishwa kuijua sauti yake. Alikuwa nacho kifaa kidogo cha sauti, cha kuchomeka pembeni, kisichozidi kidole gumba, ambacho Linux ile ilikijua tangu zamani. Akakituma kwa basi. Kilifika siku ya tatu kikiwa kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Mwalimu alikichomeka, akawasha, na sauti ile aliyoizoea ikatamka jina lake, kama ilivyokuwa ikimwamkia kila siku. Alifunika uso kwa viganja viwili. Ile kadi nzito ya picha ilikuwa imo ndani, nzima, ikimwangazia asiyeona.

Kuanzia hapo alifanya kazi bila kupumzika, na niseme kweli, kompyuta ilikuwa na kasi. Hisabati ikakamilika. Sayansi ikakamilika. Maarifa ya jamii aliyafikisha nusu, lakini ramani zilihitaji wiki mbili, na wiki mbili hizo ndizo zilizokuwa zimekwenda kwenye ukimya. Mtihani ukafika.

Walipotoka, watoto walimzunguka wakizungumza kwa furaha. Msichana mmoja, Hilda Mbunda, alisubiri wenzake waondoke. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani tangu la tatu. Akamwambia kwa sauti ndogo, bila hasira, "Mwalimu, walinipa ramani nisome mto unapita wapi. Sikuwahi kuigusa ramani. Nilijua karatasi ina mistari, lakini sikujua mistari inasema nini."

Mwalimu alitaka kumweleza habari za ubao mkuu na kadi. Akamwambia tu, "Nisamehe, mwanangu." Hilda akasema, "Sawa, Mwalimu," akashika fimbo yake akaenda. Miezi ilipopita matokeo yakaja. Saba walifaulu, wawili hawakufaulu, na Hilda alikuwa mmoja wa wale wawili. Kama ni ramani ile iliyomwangusha, au ni jambo jingine, hakuna aliyeweza kumwambia Mwalimu, na mpaka leo hajui.

Ndugu zangu, wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini mimi simlaumu Mwalimu Gaudensi kwa kupenda kipya. Hakukipenda. Aliogopa. Aliambiwa kilichopungua, naye akanunua na kisichopungua, kwa sababu hofu haiulizi nyumba imepungukiwa na nini. Huuliza tu kipi ni kikubwa. Na alipokwisha kukosea, haya ikamfungia mlango ambao hofu ilikuwa imeuacha wazi. Wapo kati yetu walioongeza mengi mwaka huu, nyumbani mwao, kazini mwao, hata katika ibada yao, na wanaopita nje wanasema yanang'aa. Basi niwaulizeni, na kila mtu ajijibu moyoni mwake: wale wanaokutegemea, wanasikia nini?