Rejeta ya Shekiondo

Rejeta ikijaa mara ya kwanza, haijajaa. Mmemsikia mke wangu akinijibu hivyo asubuhi hii niliposema homa imekwisha, nataka kwenda shamba. Mkacheka, halafu mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Msiwasingizie wahenga. Yametoka hapahapa Mombo, na aliyeyasema nilipanda naye gari moja. Chanzo chake ni hiki.

Jirani yangu Shekiondo alikuwa muuza maziwa. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea keni za maziwa, na alikuwa akiishi na mama yake, Bi Zahabu, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Bibi alikuwa akiwajua wajukuu zake kwa sauti na kwa kuwapapasa. Siku moja tukasikia madaktari wa macho wamekuja kwenye hospitali ya kule juu mlimani, ila Alhamisi ndiyo mwisho. Alasiri wanafungasha vyombo, wanaondoka, na kurudi kwao haijulikani lini.

Pikapu ile ilikuwa na tabia ya kuchemka mlimani. Fundi alikuwa amesafiri, naye Shekiondo akasema kubadilisha maji ya rejeta, yale yanayopoza injini, si kazi ya kumngoja mtu. Jumatano, injini ilipopoa, akaweka karai chini ya gari uani kwake, akafungua koki ya rejeta. Yakatoka maji mekundu kwa kutu, karai likajaa, akaleta la pili. Akasuuza mpaka yakatoka meupe, akafunga koki, akamimina dawa mpya ya rejeta. Mpaka hapo simlaumu. Wapo mafundi wanaokula hela za watu na hawasuuzi.

Kosa lake lilikuwa la muuza maziwa. Kwa muuza maziwa, keni ikifika shingoni imejaa, unafunika, unapeleka. Basi dawa ilipofika shingoni mwa rejeta, naye akafunika. Makarai mawili yalikuwa yametoka, na dumu la dawa lilikuwa bado zito mkononi, lakini hilo halikumsumbua. Alilirudisha ndani akisema amepata akiba.

Alhamisi asubuhi tukaanza kupanda, yeye kwenye usukani, mama yake katikati, mimi mlangoni. Hatujafika Soni, mshale wa joto ukapanda na mvuke ukatoka. Tukasimama, tukangoja sana, maana rejeta ya moto ukiifungua inakuunguza uso. Ilipopoa akafungua, akakuta maji yameshuka. Akamimina maji ya dumu tulilobeba, yakafika shingoni, akafunika. Tukaenda kidogo tu, mvuke tena.

Tukangoja tena. Jua lilikuwa limeshapita utosi. Shekiondo akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akalia, mtu mzima mwenye ndevu.

"Nisamehe, mama. Hatufiki."

"Unalia nini, na macho ni yangu?" akasema Bi Zahabu kutoka ndani ya gari. "Niambie hilo gari linafanyaje."

"Namimina, linajaa. Tukitembea, maji yanapungua."

"Yanamwagika?"

"Hapana. Chini pakavu."

"Basi lilikuwa halijajaa. Wewe ulipokuwa mchanga ulikuwa unaachia ziwa kama umeshiba, kumbe tumbo limejaa hewa. Nikikuweka begani ukacheua, unanyonya tena. Liache wazi, licheue."

Mimi nilicheka, sikatai. Shekiondo hakucheka. Alingoja injini ipoe, akafungua mfuniko, akauacha wazi, akawasha gari. Baada ya muda mapovu yakaanza kupanda, na maji yaliyokuwa shingoni yakashuka ghafla. Akaongeza. Yakaja mapovu mengine, yakashuka tena, akaongeza tena, mpaka mapovu yakakoma na dumu letu likabaki tupu. Hewa ndiyo iliyokuwa imenasa humo ndani tangu jana yake. Akafunika, tukapanda mlima wote na mshale haukutikisika.

Tulifika alasiri. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Poleni, wazee wangu. Tumejaa. Madaktari wanamalizia wa mwisho, wanaondoka."

Shekiondo akamshika mama yake mkono ili wageuke. Bi Zahabu hakugeuka.

"Mwanangu," akamwambia yule muuguzi, "rejeta ikijaa mara ya kwanza, haijajaa. Hebu kaangalie tena."

Muuguzi akamtazama, akanitazama na mimi, nami nikatazama chini. Rejeta na macho, wapi na wapi? Nadhani aliingia ndani ili atukwepe tu. Akakawia huko. Aliporudi alisema kuna mzee aliyeogopa upasuaji, ametoka kwa mlango wa nyuma bila kumuaga mtu. Kitanda chake ki wazi, bibi aingie upesi.

Kesho yake asubuhi walimfungua bendeji. Shekiondo alikuwa amepiga magoti mbele yake, na shati lake lilikuwa bado na kutu ya rejeta. Bi Zahabu akamtazama, akampitishia mkono kwenye ndevu.

"Umezeeka, mwanangu," akasema. "Mbona hukuniambia?"

Ndiyo maana hapa Mombo, mtu akirudi na jibu moja akadhani mambo yamekwisha, tunamwambia: rejeta ikijaa mara ya kwanza, haijajaa.