Bamba la Mgongoni

Mama mmoja alikuwa na wana wawili, Shija na Ndaki, wote askari wa mpakani. Kila mmoja alipewa fulana ya kuzuia risasi yenye mabamba mawili ya chuma, moja la kifuani na moja la mgongoni. Walipokuja likizo, mama aliinyanyua fulana ya Ndaki, yule mdogo, akaona haitoshi. Akamtafutia mabamba ya ubavuni, ya mabegani, hata ya mapajani. Ya Shija hakuigusa. "Huyu anajiweza," alisema.

Siku ya kuondoka mama alikuwa analia, bado akimhofia Ndaki. Alipogeuka kufuta machozi, Shija akachomoa bamba la mgongoni mwake, akalisukuma ndani ya fulana ya mdogo wake.

"Chukua na hili. Mama apate usingizi."

Kambini wenzao walicheka. "We Ndaki, umehama na mabati ya nyumba?" Ndaki hakuweza tena kubeba hata maji yake ya kunywa. Shija akambebea.

Ikaja siku ya kurudi nyuma. Adui alishika kilima nyuma yao, handaki lilikuwa mbele, na katikati uwanja mtupu wa hatua mia mbili. Wakakimbia. Shija alifika. Ndaki alifika nusu, uzito ukamwangusha. Risasi ziligonga vyuma vyake, haikupenya hata moja; lakini kunyanyuka hakuweza, na adui alikuwa anashuka.

Shija akatoka handakini, akarudi. Akakata mikanda ya mdogo wake kwa kisu. Ya mapajani yakaanguka, ya mabegani yakaanguka. Alipolifikia lile bamba lake mwenyewe, Ndaki akamshika mkono.

"Kaka, hilo vaa wewe."

Muda wa kulivaa haukuwapo. Akalitupa, akamvuta mdogo wake, wakakimbia wakiwa wamekipa kilima migongo. Ndaki aliingia handakini mzima. Shija alianguka hatua tatu nje, risasi imempata mgongoni. Hakuinuka.

Fulana yake ililetwa nyumbani. Mama aliipokea kwa mikono miwili, amejikaza kwa ule uzito alioujua siku alipoinyanyua ya Ndaki. Hii ilikuwa nusu yake. Akaingiza mkono mgongoni mwa fulana, akakuta mfuko mtupu.

Wazazi wenzangu, yule mtoto mnayesema anajiweza, fulana yake mmewahi kuinyanyua?