Kwa Nini Kigong'ota Hugonga Kidogo Kisha Akasikiliza

Zamani hizo, watoto wangu, msitu wetu haukuwa na ndege anayegonga miti. Waliogonga ni watu. Walichonga vinu kwa tezo kutoka magogo ya mninga, na imani moja iliwaponza: ukishaanza kuchimba tumbo la kinu, usipumzike mpaka limalizike, la sivyo gogo litapasuka. Aliyetaka kuweka tezo chini katikati ya kazi alichekwa mpaka akome.

Nyamizi, mjane, ndiye aliyewashinda wote kwa kuchonga. Mwanawe Kalunde, mtoto wa kunyonya, alishikwa na homa, na mama mtu maziwa yakamkauka. Wenye mbuzi wakamwambia alete kinu, watampa maziwa.

Asubuhi mama mkwe wake alikwenda kuchimba dawa. Kabla ya kuondoka alimlaza mjukuu kibandani, karibu na gogo, akamwachia Nyamizi kibuyu cha maji.

"Gonga kidogo, kisha uje umtilie matone mdomoni," alisema. "Halafu urudi kwenye kinu. Fanya hivyo hivyo mpaka nije."

"Nikiacha kitapasuka, mama."

"Na kipasuke, mwanangu."

Nyamizi aliitikia. Lakini mkono uliposhika kasi, aliyawaza yale maziwa ya mbuzi, akajiambia bado kidogo tu. Kila alipotaka kusimama, aliogopa ufa. Utomvu mwekundu wa mninga ukamrukia kichwani. Mara moja alidhani amesikia kilio, akagonga kwa haraka zaidi ili amalize aende. Mlio wa tezo ukafunika kila kitu.

Jua lilipokuwa utosini kinu kilikuwa tayari, kizuri, hakina hata ufa. Hapo ndipo aliposikia kimya. Kibandani kibuyu kilikuwa kimejaa vilevile, na Kalunde alikuwa amepoa, hapumui.

Hakulia. Mama mkwe aliporudi alimkuta anagonga mti kwa tezo, ananyamaza, anatega sikio, kisha anakwenda mti mwingine. Alimwita, hakuitika. Watu walimfuata siku tatu msituni. Siku ya nne waliokota tezo na nguo zake, na juu ya mti palikuwa na ndege mwenye wekundu kichwani, anagonga.

Toka siku ile wachongaji wetu hugonga kidogo, wakaweka tezo chini, wakazoa vibanzi, wakaenda kuwatazama watoto, ndipo wakarudi. Vinu havipasuki. Wala hata zamani havikuwa vikipasuka kwa sababu ya kupumzika. Hakuna aliyewahi kujaribu, basi.

Na kigong'ota naye, mtamwona, hagongi mfululizo. Hugonga kidogo, akanyamaza, akainamisha kichwa, kisha akahamia mti mwingine. Yule anamsikiliza Kalunde. Nimezeeka ninamtazama, na sitawadanganya: hajasikia kitu.